Kashata za Sikukuu ya Mavuno

Ninyi mliobaki jikoni mmeniomba niandike nilivyofanya kazi miaka ile yote, tangu siku ya kwanza mpaka juzi nilipovua aproni. Nimekubali, lakini mjue mapema: sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Nitaandika habari za kashata tu. Tena nitaandika kama mtu mwenye wivu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Wengine huzaliwa na kibiongo, mimi nimezaliwa na wivu. Hata hiyo mashine ya kusagia nyama mliyoletewa, mnayosagia ndizi kavu huku mmekaa kwenye stuli mkipiga soga, naionea wivu. Mimi nimetwanga kwa mchi miaka yote, na mabega yangu ni shahidi.

Nilifika misheni nikiwa kijana, natoka Nyaishozi kwa miguu, mwendo wa asubuhi nzima. Nilidhani nitapewa jembe. Bibi Mchungaji, mke wa mmisionari, akaishika mikono yangu, akaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Huyu jikoni." Mawe, mama yangu! Nilitaka kukimbia. Kwetu mwanamume haketi jikoni. Mafiga ni ya mama na ya dada, na mwanamume akichungulia chungu wanawake watamcheka mpaka azeeke. Lakini nyumbani nilikuwa nimeaga kwa mbwembwe nyingi, nikaona aibu ya kurudi ni kubwa kuliko aibu ya kubaki. Nikabaki.

Mkuu wa jiko alikuwa Mzee Bartolomayo, mtu wa Kamuli, aliyewahi kubeba mizigo ya watu mpaka pwani na kurudi. Huko ndiko alikolitoa neno kashata. Za pwani, alisema, ni za sukari iliyochemshwa. Zetu hazipikwi. Bibi Mchungaji kwao walizoea kufanya vidonge vya matunda makavu na njugu wakati wa Krismasi, na matunda yale Karagwe hayapo, kwa hiyo yeye na Mzee wakabuni za kwetu kwa ndizi sukari zilizokaushwa juani, karanga, ufuta na asali. Karanga pekee ndizo zilizoonja moto, tena kidogo, Jumamosi. Kwa maana Bibi Mchungaji hakuruhusu moto uwashwe jikoni siku ya Jumapili, hata wa chai. Wageni na watoto wa bweni walikula kashata na maziwa baridi baada ya ibada, wakamsifu Mungu na mpishi, kwa mpangilio huo au kinyume chake.

Siku ya kwanza Mzee alininyang'anya kisu. "Chuma kinaitia ndizi weusi," akasema, akanipa kipande cha mwanzi kilichochongwa. Ndizi unaipasua kwa urefu, unailaza juu ya chanja ya matete, unaifunika kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi, na kabla ya umande kushuka unaiingiza ndani. Siku ya tatu au ya nne unaikunja kwenye kidole. Ikikatika, umechelewa. Ikikulowesha, una haraka. Iwe kama ngozi ya kiatu kilichokwisha kuvaliwa. Kisha kinu: karanga kwanza, mpaka mafuta yaanze kuonekana, ndipo ndizi kidogo kidogo, na asali mwisho, kwa ncha ya kidole, maana asali nyingi ni ya mpishi asiyeziamini ndizi zake. Maneno hayo ni yake, na nimeyarudia kwenu mara nyingi kama vile ni yangu.

Alikuwa na mkono, yule mzee. Alichota, akaviringisha mara mbili, akaangusha kwenye ufuta, na kila kashata ilitoka sawa na mwenzake. Zangu alizitazama akasema, "Mavi ya mbuzi." Nilicheka pamoja na wengine, lakini moyoni nilitamani avunjike kidole, hata kimoja tu. Huo ndio ukweli. Msimu wa mvua uliofuata niliweka stoo gunia la ndizi ambazo hazijakauka sawasawa, kwa haraka ya kutaka kumpita, na zote zikaota ukungu. Hakunigombeza. Alinichimbisha shimo, tukazizika zote, kisha akavua kofia na kunilazimisha na mimi nivue.

Macho yake yalipoanza kupoteza nuru alirudi kwao Kamuli, akaniachia mchi na kinu. Mimi sasa nikawa ndiye mwenye mkono, na hakukuwa na wa kumwonea wivu. Nilikaa hivyo kwa raha karibu miaka miwili, mpaka nikaoa.

Mke wangu Eleonora ni wa Rugu. Baba yake alikuwa mkamuaji wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na ilibidi aape mbele ya wazee wa kanisa kwamba binti yake hatakuja na desturi hiyo kwangu. Kwa ninyi wa siku hizi nieleze kidogo. Sisi wafanyakazi wa misheni tulikuwa tumeahidi mbele ya usharika kuacha pombe, na kila aliyekuwa na shimo la kuvundikia ndizi nyumbani kwake alilifukia. Rubisi huanza shimoni: unachimba, unalipasha joto, unatandika majani ya mgomba, unazifukia ndizi mbichi humo siku kadhaa, zinatoka zimeiva zote pamoja. Kwa hiyo ukiwa na shimo, watu walijua una pombe, na aliyetaka kuitwa Mkristo hakuwa na shimo. Ndizi za misheni tulizitundika kwenye boriti za stoo ziive zenyewe, huku njano, huku kijani, kila moja kwa utashi wake. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni kosa la mapishi. Tuliliona kuwa ni uchaji.

Nyumbani sikusema ninachofanya. Nilisema "nipo kwa mchungaji, upande wa chakula," kana kwamba kuna ofisi. Kijiji kizima kilijua, lakini nyumbani sikugusa hata kijiko, wala sikuvuka kizingiti cha jiko la mke wangu. Nilikuwa natia mfukoni vipande vya kashata vilivyovunjika kwa ajili ya binti yetu Justa. Siku moja Eleonora akaokota kimoja, akakitafuna polepole, akauliza:

"Baba Justa, hizi ndizi nani aliziamsha kabla hazijamaliza usingizi?"

"Una maana gani?"

"Hazikuiva. Upande mmoja ni ndizi, upande mwingine ni dawa."

Nilimwambia atafune anyamaze, na kwamba Bibi Mchungaji mwenyewe anazisifu. Akasema, "Basi sawa, waitu," neno letu la heshima, akaenda zake. Siku tatu sikula vizuri. Mimi mwanamume, mpishi mkuu, nafundishwa ndizi na mtu ambaye hajawahi kuona jiko lenye dohani! Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikitafuna kipande kilichobaki, nikaisikia ile dawa.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri. Mnajua sikukuu ya mavuno ilivyo: kila mtu analeta alichopata, mkungu, debe la maharage, kuku, kahawa, na baada ya ibada vinapigwa mnada nje ya kanisa. Nami nilileta mkungu, nikaona imetosha. Mnadi akainua vitu kimoja kimoja, kisha akainua kikapu kidogo kilichofunikwa majani makavu ya mgomba. Akafunua. Kashata. Zilikuwa za mviringo, zote sawa, zimevaa ufuta kama zimepigwa hesabu. Nilijua hapohapo ni za nani, kwa sababu kikapu kilikuwa cha nyumbani kwangu.

Watu waligombea kile kikapu kwa kelele. Mwalimu mmoja akashinda, akamgawia Bibi Mchungaji kashata moja kwa heshima. Bibi Mchungaji akang'ata. Akafumba macho, mbele ya usharika mzima, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona amefumba macho hata wakati wa sala. Akayafumbua, akanitafuta kwa macho, akaita kwa sauti:

"Theonesti! Leo umejipita mwenyewe. Ni zako, siyo?"

Eleonora alikuwa upande wa wanawake, Justa mgongoni. Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo au hapana. Watu wote wamenigeukia. Niwaambie ninyi kilichopita moyoni mwangu: sikuwaza sifa. Niliwaza kwamba nikisema "ni za mke wangu," basi kuanzia siku hiyo mimi ni mume wa mwenye mkono.

"Ndiyo, Bibi," nikasema. "Ni zangu."

Wakapiga makofi. Eleonora naye akapiga, kwa sababu wote walikuwa wanapiga. Njiani kurudi alibaki nyuma na Justa. Nami nilitembea mbele, kwa haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata wiki. Bibi Mchungaji aliniita akasema mkuu wa misheni anakuja kutoka Bukoba wakati wa Majilio, na anataka meza nzima ya kashata "kama zile za kapu." Siyo kama za kila Jumapili. Kama zile za kapu. Nikasema ndiyo, Bibi. Nikarudi kwenye kinu changu na nisijue pa kuanzia.

Nilijaribu kila kitu isipokuwa kumuuliza mke wangu. Niliongeza asali, zikanata. Nilipunguza karanga, zikapoa ladha. Nilikausha siku tano, nikakausha siku mbili. Nilionja mpaka tumbo likavimba. Kile kionjo cha dawa hakikutoka. Kumuuliza? Nani, mimi? Ningejikata ulimi kwanza. Nikaamua kumchungulia. Ndiyo, chekeni. Mpishi mkuu wa misheni, mtu mzima, nimejificha nyuma ya migomba ya kwangu mwenyewe asubuhi kweupe, namwinda mke wangu.

Siku ya pili nikamwona anatoka na jembe na mzigo wa majani, anatazama huku na huku, anaingia ndani kabisa ya shamba, kule kwenye mpaka. Hapo wivu wangu ukawa wa aina mbili kwa mpigo. Nilisema kimoyomoyo, kumbe kuna mwanamume! Nikamfuata kwa kunyata. Hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na shimo. Alifunua majani, mvuke wa utamu ukanijia puani pale nilipojificha, akatoa ndizi moja, ya njano kutoka ncha mpaka ncha, laini, bila doa la kijani. Akaimenya, akaitazama, akatabasamu peke yake. Lile tabasamu ndilo lililoniharibu. Hakunihitaji mimi ndani yake hata kidogo.

Basi ndiyo siri. Shimo la rubisi. Hakukuwa na pombe: sikuona mtumbwi wa kukamulia, sikuona mtungi, na nyumbani kwangu hakuna aliyelewa. Alikuwa anavundika ndizi zake ziive sawasawa, jambo ambalo bibi yoyote wa Karagwe analijua na ambalo sisi watu wa misheni tulilisahau kwa sababu ya utakatifu. Nilielewa yote pale pale. Ningeweza kurudi, nikachimba shimo, nikamwambia Bibi Mchungaji mbele ya watu, hivi ndivyo, na huyu ndiye.

Sikufanya hivyo. Nilikwenda kwa Mzee Rwegoshora, mzee wa kanisa wa kitongoji chetu, nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikazungumza habari za mvua, kisha nikasema kama mtu aliyelemewa, "Mzee, kwangu kuna shimo. Mimi sikulichimba."

Sikusema pombe. Neno hilo sikulisema kamwe, na kwa miaka mingi nilijipongeza kwa hilo.

Wazee watatu walikuja kesho yake. Walilitazama shimo, wakarudi uani, wakaketi. Eleonora alipiga magoti kuwasalimu, akabaki hapo chini.

"Mama Justa," akauliza Mzee Rwegoshora, "lile shimo ni la nini?"

"La kuvundikia ndizi, waitu."

"Za rubisi."

"Za kashata."

Wakatazamana. Mmoja akacheka. "Kashata ni kazi ya mume wako, huko kwa Bibi Mchungaji. Tumezila wote siku ya mavuno. Wewe na kashata mna habari gani?"

Eleonora akanigeukia. Hakusema, "Waambie." Hakulia. Alinitazama tu, akangoja, kama mtu aliyekupa mzigo umshikie na anajua utamrudishia. Alikuwa na haki ya kusema ukweli wote pale, lakini angesema kwamba mumewe amedanganya mbele ya kanisa, na mke wa wakati ule hakuwa na mdomo huo mbele ya wazee. Alikuwa ananiachia mimi niseme.

"Theonesti," akasema Mzee Rwegoshora, "ni kweli? Mkeo anatengeneza kashata?"

Nikasema, "Mzee, mimi ni mwanamume. Nyumbani siketi jikoni. Ya jikoni siyajui."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jibu zuri sana, la heshima, la desturi. Eleonora akainamisha uso, na tangu siku hiyo hakunitazama tena kwa namna ile ya kungoja.

Akatengwa na Chakula cha Bwana mpaka Pasaka. Kwa ninyi vijana labda ni jambo dogo, lakini kwa mtu wa imani kama yeye hakuna kubwa zaidi. Jina lake lilisomwa mbele ya usharika: binti wa mkamuaji pombe amerudia ya kwao. Wenzake walipokwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, na Justa akimvuta nguo akiuliza kwa nini hawaendi. Mimi nilikwenda. Nilipokea, nikarudi nikipita mbele ya benchi lile, na mkate ukiwa bado mdomoni. Shimo alilifukia mwenyewe kesho yake baada ya wazee kuja, akapanda mgomba juu yake. Kashata hakutengeneza tena. Hata siku moja, mpaka leo.

Na mkuu wa misheni alipokuja? Nilimwekea meza nzima. Shimo sikuthubutu kulichimba, ningelichimba vipi baada ya hayo? Akala mbili, akasema ni nzuri. Bibi Mchungaji akaonja, akanitazama kwa huruma. "Nzuri, Theonesti. Lakini si kama zile za kapu."

Sentensi hiyo ndiyo niliyofanyia kazi maisha yangu yote. Alikuja Bibi Mchungaji mwingine, akaja wa tatu, vita vikaja vikapita, na kila mmoja aliambiwa na aliyemtangulia kwamba Theonesti aliwahi siku moja kutengeneza kashata ambazo hazijapata kuonekana. "Kwa nini hurudii?" waliniuliza. Nikajibu ndizi za mwaka ule zilikuwa za pekee. Watu wengine huwaonea wivu jirani zao. Mimi nilimwonea wivu Theonesti wa sikukuu ya mavuno, mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na aliyekuwepo alikuwa anapika ugali nyumbani kwangu, kimya, akiniwekea maji ya kunawa.

Siku mliyoniaga, mchungaji wetu alisimama akasimulia habari za kapu lile, yeye ambaye wakati ule hakuwa hata amezaliwa. Mkapiga makofi. Nikamtazama Eleonora, ana mvi sasa, amekaa na wajukuu. Naye alikuwa anapiga makofi. Kama siku ile, kwa sababu wote walikuwa wanapiga.

Ndiyo maana nimeandika. Kapu lilikuwa la Eleonora. Mkono ulikuwa wake. Vundikeni ndizi shimoni, wala msiogope mtu, ndizi kuiva si dhambi. Nami nilijua hivyo nikanyamaza, kwa wivu, si kwa kitu kingine. Msinitafutie sababu nzuri zaidi.

Jana mchana, kabla ya kuzituma karatasi hizi, nilimsomea zote, neno kwa neno. Alikuwa uani anapukuchua maharage. Nilipomaliza nilikunja karatasi nikangoja, na sioni haya kusema nilitegemea machozi, au angalau msamaha. Aliendelea na maharage yake mpaka ungo ukajaa.

"Umeandika vizuri, Baba Justa," akasema. "Lakini umewaandikia watu wa jikoni. Mimi sikutengwa jikoni."

"Wale wazee wote wamekwisha kufa, mama."

"Kanisa halijafa."

Akainuka, akajikung'uta maganda, akaingia ndani. Nimekaa na karatasi hizi tangu asubuhi nikihangaika kutafuta maneno ya kumalizia, na yeye ameyapata akipukuchua maharage. Hata hilo nalionea wivu.

Keshokutwa ni Jumapili. Nimekwisha kumwomba mchungaji nafasi baada ya matangazo. Njooni mapema, mkae mbele, mnisikie vizuri, kwa maana sauti yangu inaweza kukwama.